Machipukizi ya Bi Pindo

Basi liliharibika njiani mara mbili, na mara zote mbili Bi Pindo alishuka akaenda kuinama kwenye buti kuangalia gunia lake. Mara ya kwanza alilikuta salama. Mara ya pili alikuta limelaliwa na mifuko sita ya saruji, na mwenye saruji amekaa pembeni anamenya chungwa, hana habari. Bi Pindo alimwambia maneno ambayo si ya kuandikwa. Yule bwana akaiondoa mifuko yake mmoja mmoja, kisha kwa heshima zote akauliza mama amebeba kitu gani cha thamani namna hiyo. Alipoambiwa ni migomba, abiria waliangua kicheko, na mmoja akasema migomba imejaa kila mahali, ya nini kuisafirisha siku mbili kama bibi harusi.

Bi Pindo alikaza kamba ya gunia lake. Mtu wa basi ungemweleza nini? Kwamba mdogo wako amekupigia simu baada ya miezi minane, akasema uwanja wa nyumba yake mpya ni mkavu, na kama dada ana nafasi amletee machipukizi mawili matatu ya ile migomba ya nyuma ya jiko? Kwamba uliposikia hivyo uliacha gauni la mteja limening'inia na mkono mmoja, ukaenda kutafuta jembe? Lau angeambiwa alete kabati, angejitwika kabati. Machipukizi yalikuwa kisingizio tu, na yeye alikipokea kwa mikono miwili. Aliyekuwa akimfuata ni Kiraka.

Habari yenyewe ni fupi. Mdogo wake, ambaye kila mtu anamwita Sista kwa ajili ya kazi yake ya uuguzi, alipata masomo ng'ambo wakati binti yake ana miezi kumi. Alikuwa aende miaka mitatu. Masomo yakazaa kazi, kazi ikazaa mkataba, mkataba ukazaa mkataba mwingine, na mtoto akabaki kwa mama yake mkubwa, fundi cherehani asiye na mume wala mtoto. Mtoto alilala mchana juu ya lundo la vitambaa chini ya meza ya cherehani, ndiyo maana akaitwa Kiraka. Neno lake la kwanza lilikuwa mama, na alilisema huku amemnyooshea mikono yule aliyekuwepo. Bi Pindo akaitika. Mtoto wa mwaka mmoja akikuita hivyo, utamwambia asubiri kwanza umweleze ukoo?

Miaka kumi na moja ikapita hivyo. Aliyemzaa alikuwa "mama wa simu", sauti ya Jumapili jioni. Kisha mama wa simu akarudi na masanduku manne, akapata kazi katika hospitali ya mji wa mbali, akajenga nyumba, akaja kumchukua mwanawe. Ndugu wote walikubali kwamba ni haki yake, na Bi Pindo alikubali kabla yao. Sista aliomba mambo mawili, na aliomba kwa adabu. Kwanza, dada asiwatembelee, mpaka mtoto amzoee mama yake. Pili, mtoto aanze kumwita mama mkubwa, kama inavyotakiwa. Bi Pindo aliitikia shingo upande, akafunga begi la mtoto, akabaki na nyumba iliyokuwa kimya mpaka akawa anakanyaga cherehani bila kitambaa, ili mradi kitu kilie.

Sasa alikuwa amesimama kwenye geti la Sista, gunia begani, na msichana mrefu wa miaka kumi na miwili anakuja kumfungulia.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

Maneno yalikuwa sahihi kabisa, kama yametolewa kitabuni. Kiraka alipokea mkoba, si gunia, akatangulia ndani bila kugeuka nyuma. Bi Pindo alimfuata na gunia lake begani.

Jioni ile alimtolea gauni alilomshonea. Lazima ijulikane kwamba Bi Pindo hakupata jina lake bure. Magauni ya watoto aliyashona na pindo pana la vidole vinne, ili mtoto akirefuka lifunguliwe badala ya kununuliwa jingine, na miaka thelathini na miwili alikuwa akimtazama mtu mara moja tu anajua kiuno chake. Gauni la Kiraka lilimbana mabegani na likaishia juu ya magoti. Bi Pindo alifungua pindo lote papo hapo, akiwa amepiga magoti na sindano mdomoni. Bado lilikuwa fupi. Kiraka akasema asante, ni zuri, akaenda kulivua.

Gunia lilipofunguliwa asubuhi lilitoa harufu ya mboga iliyochacha. Machipukizi matano, na hakuna hata moja lililofika zima. Majani yalikuwa uji, mashina yamevunjika kwa ile saruji, mizizi imekuwa myeusi kwa joto la buti. Sista, tayari amevaa sare yake nyeupe ya kazini, aliyatazama kwa jicho la wodini akauliza kama hayo si ya kutupa tu. Bi Pindo akamwambia aende kazini, wagonjwa wake wanamsubiri, na hawa wagonjwa wengine wana daktari wao.

Maana migomba aliijua. Alikaa kwenye kigoda nje ya mlango wa jiko, akachukua kisu, akakata mashina yote yakabaki ya shubiri mbili. Kisha akageukia tunguu, kile kiazi cha chini ambacho ndicho mgomba wenyewe, majani ni mavazi tu. Akakata mizizi yote iliyokufa, akamenya ganda kama anayemenya kiazi kikuu, akitoa kila penye weusi mpaka afike kwenye nyama nyeupe. Matunguu mawili aliyamenya mpaka yakaisha mkononi, hayakuwa na weupe. Yaliyobaki matatu aliyachovya kwenye maji ya moto kwa muda wa kuhesabu thelathini, ili fukusi, wale wadudu watoboao migomba, na mayai yao waage dunia, akayapanga chini ya sinki ya nje, kivulini, vidonda vikauke siku mbili.

Siku ya kupanda, Kiraka alikuwa nyumbani, likizo. Alichimba mashimo bila kuambiwa mara mbili, akabeba samadi kwa ndoo, akachekecha majivu, yote bila neno. Bi Pindo aliligeuza kila chipukizi lile kovu lake, pale lilipokatwa kwa mama yake, litazame ukuta wa uzio. Mkungu hutokea upande wa pili wa kovu, na yeye alitaka siku moja mikungu iinamie dirisha la chumba cha Kiraka. Alimweleza hivyo. Kiraka akasema ndiyo, akaendelea kushindilia udongo kwa viganja. Mikono yao ilikuwa kwenye shimo moja, vidole vinagusana ndani ya udongo, na Bi Pindo alitamani shimo lile lisijae.

Juu ya kila moja waliinamisha kipande cha gunia kwenye vijiti kama hema. Pembeni wakachimbia chupa iliyotobolewa kitako, idondoshe maji taratibu.

Usiku ule mezani Sista aliuliza, kwa adabu yake ileile, mgomba huchukua muda gani kushika. Swali la haki hilo kwa mwenye nyumba. Bi Pindo akajibu kwamba kila mmoja ukitoa jani la tatu atajua umeshika, na yeye atarudi kwenye cherehani yake. Kiraka alikuwa anapakua, hakuinua macho.

Wiki ya kwanza hakikutokea kitu. Bi Pindo aliishi katika nyumba ile kama mgeni anayejua mahali pa kila kijiko. Alijaribu kupiga soga na mtoto, akajibiwa vizuri na kwa ufupi. Alimuuliza shule, ni nzuri. Marafiki, wapo. Alimkumbusha siku alipomeza kifungo cha koti la mwalimu mkuu na mtaa mzima ukakaa siku tatu kusubiri kitoke, kisa ambacho zamani kilimfanya ajigaragaze kwa kucheka. Kiraka akatabasamu kidogo akaenda kuosha vyombo. Bi Pindo alijikaza, lakini moyo ulimuuma kweli, uliuma mpaka akasema na migomba. Aliinama akaiambia, nyinyi angalau mnanyamaza kwa sababu hamna midomo.

Siku ya kumi na moja, katikati ya shina la kwanza, pale palipokatwa, ilichomoza ncha ya kijani iliyojikunja kama mkeka. Siku iliyofuata zikatoka mbili nyingine. Bi Pindo alimwita Sista, akamwita Kiraka, akamwita hata mwenye duka wa jirani aje aone wafu walivyofufuka. Kesho yake asubuhi ncha zote tatu hazikuwepo.

Alianza na panya, akanyunyiza majivu yenye pilipili. Ncha zikatoka tena, zikapotea tena. Akahamia kwa kuku wa jirani, akaenda kumsema jirani, akaambiwa kuku wenyewe waliliwa mwezi uliopita. Akafikiria panzi. Halafu, na hili lilimtia aibu, akamfikiria mdogo wake. Labda Sista hakutaka kitu cha dada yake kiote kwenye uwanja wake. Lakini anayetaka mgeni aondoke angeiombea migomba hata dua, asingeikata.

Siku ya kumi na sita alivaa miwani ya kutungia sindano, akapiga magoti, akasogeza uso mpaka pua ikagusa shina. Panya hutafuna, kuku hudonoa, panzi huacha meno ya msumeno. Hapa palikuwa na mkato wa mkasi, umeuma mara mbili, na ulikuwa umeshuka kutoka kulia kwenda kushoto. Mtu wa mkono wa kulia hakati hivyo. Bi Pindo alikuwa amefundisha wanafunzi kumi na wanane kushika mkasi, na mmoja tu kati yao alikuwa wa mkono wa kushoto, naye alijifunzia kwenye vitambaa vya chini ya meza, akiwa na miaka mitano, ulimi nje.

Alikaa chini pale pale kwenye udongo. Kila jani lililokatwa lilikuwa siku zimeongezwa. Mtoto hakuwa amemsahau, mtoto alikuwa anamfungia mlango asitoke.

Sasa hapa tusimpake mafuta. Mtu mzima mwenye akili zake angesema neno siku ileile. Bi Pindo hakusema. Siku nne nzima aliamka, akaenda kuikagua migomba, akakuta imekatwa, akarudi jikoni anaimba. Sista alishangaa kuona mtu anafurahia msiba. Mezani Bi Pindo alilalamika juu ya panya kwa sauti kubwa, akimtazama mtoto kwa pembe ya jicho, na mtoto akitazama sahani. Zilikuwa siku nzuri kuliko zote tangu lile begi lifungwe. Alizila kama mtu anayekula akiba ya mbegu, anajua anachofanya na hawezi kuacha.

Siku ya nne jioni, Kiraka akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, Sista alikuja akakaa kwenye ngazi za mlango wa jiko alipokuwa dada yake akichambua mchele. Hakuwa amevua sare. Kisha akauliza.

"Dada, akikusemesha anakuitaje?"

"Mama mkubwa. Kama ulivyotaka."

"Mimi haniiti."

Bi Pindo alisimamisha vidole kwenye ungo.

"Haniiti kitu," Sista alisema. "Si mama, si wewe, wala jina langu. Akinitaka anakuja anasimama mbele yangu mpaka nimwone. Mwezi uliopita nililala mchana, nimetoka zamu. Mvua ikaja, nguo ziko kwenye kamba. Niliamka nikamkuta amesimama pembeni ya kitanda. Sijui alisimama muda gani. Nguo zilikuwa zimelowa zote. Hakuwa na neno la kuniamshia."

Kuna sehemu ya Bi Pindo iliyofurahi kusikia hivyo, na aliijua na akaichukia. Alimtazama mdogo wake. Huyu naye alimbeba mgongoni, zamani, mama yao akiwa sokoni. Alimfundisha kufunga viatu. Sasa alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tisa, nywele zimeanza mvi, anashika mapigo ya mioyo ya watu siku nzima, anarudi kwenye nyumba ambayo hakuna anayemwita. Sista alisema alidhani migomba ingesaidia. Mtoto alikuwa akiitaja ile migomba siku za mwanzo, naye Sista akawaza labda akiiona uwanjani ataona hapa napo ni kwao. Hakusema kwamba kisingizio kilikuwa chake pia. Hakuhitaji kusema.

Bi Pindo akasema kwamba mchele una mawe mengi.

Asubuhi iliyofuata Sista aliondoka na zamu ya kwanza. Bi Pindo alijitia bado amelala, akasikia mlango wa nyuma unafunguliwa polepole, akahesabu mpaka ishirini, akatoka. Kulikuwa kumeshapambazuka. Kiraka alikuwa amechuchumaa mbele ya hema la gunia, mkasi kwenye mkono wa kushoto.

"Huo ni mkasi wa karatasi," Bi Pindo alisema. "Unatafuna. Ungeniomba wa kwangu."

Mtoto alikufa ganzi. Bi Pindo alikwenda akachuchumaa pembeni yake, magoti yakilalamika, na wote wawili wakaitazama migomba kama waliokuja kuiamkia.

"Ulisema ikishika unaondoka," Kiraka alisema.

"Nilisema."

"Ndiyo hivyo."

"Mbona basi hunisemeshi? Nimekaa hapa karibu wiki tatu nadhani nimekufa nawe hukuniambia."

Kiraka alifungua na kufunga mkasi. Maneno yalipotoka yalitoka yote kwa mkupuo, kama yalikuwa yamepangwa foleni tangu zamani. "Ulinifungia begi mwenyewe. Ulikunja nguo zangu zote ukaziweka ndani, ukafunga zipu. Ukaniambia nisisahau mswaki. Hata hukulia."

Ni kweli, hakulia. Alikuwa amejifunga kibwebwe siku ile, akaona kazi yake ni mtoto aondoke akiwa na amani. Hakujua kwamba amani ile mtoto aliipokea kama kutupwa. Akamwambia ukweli, kwamba alilia kwa muuza nyuzi. Basi lilipokata kona alikwenda kununua uzi mweusi, akalia pale kaunta mpaka yule mzee akafunga duka kwa kuogopa watu watasema amempiga. Kiraka alimtazama kuona kama anatania, akaona hatanii.

"Na kitu kingine," Bi Pindo alisema. "Mkato wako niliujua siku ya kwanza nilipovaa miwani. Siku tano hizi najua."

"Mbona hukunigombeza?"

"Nilifurahi."

Halafu akaweka mkono kwenye shina la katikati, akalivuta. Lilitoka bila ubishi, kama kijiko kutoka kwenye uji, na harufu iliyotoka nalo ilimfanya Kiraka azibe pua. Maji yalikuwa yameingia kwenye mikato, yakashuka ndani, tunguu lote lilikuwa limeoza. Bi Pindo aliliweka chini kati yao.

"Hili tumeliua mimi na wewe," alisema. "Wewe kwa kukata, mimi kwa kunyamaza. Hayo mengine mawili yana nguvu ya jani moja tena, labda mawili. Ukiyakata nayo yataondoka, na mimi nitaondoka vilevile. Jumamosi ya wiki ijayo, yashike yasishike."

Kiraka alilia hapo. Alilia kitoto, bila kujificha, kamasi na vyote, na Bi Pindo alimvuta kifuani akamkuta hawezi tena kuenea pale alipokuwa akienea. Kisha akamuuliza kuhusu mvua na nguo zilizolowa.

"Sikuwa na neno," Kiraka alisema ndani ya bega lake. "Lile neno nilikuwa nakuita wewe."

Bi Pindo alimwinua uso. Alimtazama yule aliyekuwa Kiraka wake, akatamani kwa nguvu zake zote kumwambia basi liache lilivyo, liwe langu, nifie nalo.

"Nimelitumia miaka kumi na moja," alisema. "Halijachakaa. Unaweza kumpa mwingine."

Mtoto akajifuta kamasi kwa mkono. Bi Pindo hakumshurutisha, maana kuna vitu haviagizwi.

Siku zilizobaki walizitumia vizuri. Kiraka alirudisha mkasi kwenye mkoba wa shule akashika zamu ya kumwagilia. Bi Pindo alimfundisha kulijua chipukizi zuri kwa majani yake membamba kama upanga, na lile la majani mapana ambalo ni la kung'oa, linajionyesha tu halina kitu chini. Alimfundisha asiimwagie maji ya sabuni, na kwamba shina moja likishazaa linakatwa, anaachwa mtoto mmoja na mjukuu mmoja, wengine wanahamishwa. Walicheka. Kile kisa cha kifungo kilisimuliwa upya, na safari hii Kiraka alikisimulia yeye, akiongeza chumvi. Sista alikuwa akirudi anawakuta hivyo, anasimama mlangoni na mfuko wake mkononi, anatabasamu kama mtu anayetazama sherehe ya jirani juu ya ukuta. Mtoto alimkaribia, akampokea mfuko, akamweleza habari za migomba. Lakini alianza tu kueleza, bila kumwita. Bi Pindo kila mara alisikiliza lile pengo mwanzoni mwa sentensi, na aliona mdogo wake naye analisikiliza.

Jumamosi ikafika bila neno hilo. Basi lilikuwa la saa sita. Sista hakuwa na zamu, na asubuhi ile ndugu wawili walikuwa chumbani kwa Kiraka, ambako mgeni alikuwa amelala. Bi Pindo amekaa ukingoni mwa kitanda anatafuta viatu vyake kwa miguu, na Sista anambana kwa upole arudi mwezi wa nne, asisubiri kuitwa tena kwa simu. Alisema samahani ya miezi minane, akaisema vizuri, na Bi Pindo akamwambia hayo yamekwisha. Lilikuwa karibu kuwa kweli. Mtoto alikuwa nje kwa migomba yake tangu chai.

"Mama!"

Sauti iliingia dirishani wazi kabisa.

"Abee!" wakaitika wote wawili, kwa pamoja.

Nje kukawa kimya. Bila shaka mtoto alikuwa amesikia sauti mbili. Ndani, Sista alikuwa amegeuka nusu kuelekea mlangoni na kusimama hapohapo, uso umemwiva kama msichana aliyeinuka kupokea zawadi ya mwenzake. Bi Pindo yeye alikuwa ameshasimama. Hakukumbuka kusimama. Mguu mmoja ulikuwa ndani ya kiatu, mwili wote umeelekea nje, kama ulivyofanya kila siku kwa miaka kumi na moja, katikati ya kupima, katikati ya kukata, hata na pini mdomoni.

"Mama, njoo uone! Jani limefunguka!"

Alikuwa akimwita nani? Bi Pindo alijua, au alidhani anajua, na hilo hatamwambia mtu. Sista alimtazama dada yake na macho yake yalikuwa yanauliza, yanaomba, yapo tayari kukaa chini.

"Nenda," Bi Pindo alisema. "Unaitwa."

Sista akatoka mbio, miguu mitupu, akajigonga kwenye kizingiti na hakusimama. Bi Pindo akabaki katikati ya chumba, kiatu kimoja mguuni, ameziba mdomo kwa kiganja, kwa sababu abee ya pili ilikuwa imeshafika ulimini.